Kabla Hujamlipa Mhariri

"Utanisahihishia kwa shilingi ngapi?" Mwenye mswada huuliza hivyo kabla salamu hazijesha. Huku Chwaka wanaokuja na miswada ni wa kila namna: mwalimu mstaafu aliyekusanya historia ya kijiji, kijana aliyeandika riwaya nzima kwenye simu, mama mwenye madaftari ya mapishi ya bibi yake, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) anayekimbizana na tarehe ya kuwasilisha tasnifu. Karibu wote wanataka kitu kimoja. Wanataka tahajia inyooshwe, nukta na mkato zikae pahala pake, kitabu kiende kuchapishwa. Na karibu wote nawajibu vilevile: lipia kwanza kusomwa, kusahihishwa kutakuja baadaye.

Sisemi hivi ili kuongeza bei. Chukua riwaya ya maneno 60,000. Kwa ukurasa wa maneno 250, ndio ukurasa wa kawaida wa mswada uliopigwa kwa nafasi mbili, hiyo ni kurasa 240. Tuseme umekubaliana na msahihishaji shilingi 2,000 kwa ukurasa: umetoa 480,000. Mwezi unaofuata unampa rafiki yako kitabu hicho kilichosafishwa, naye anakwambia kwamba hadithi haianzi mpaka ukurasa wa 41, yote ya mbele yake ni utangulizi. Ukitulia unaona kweli. Unazikata kurasa arubaini ulizokwisha kuzilipia 80,000, na hata zilizobaki zinabidi ziandikwe upya, kwa sababu mambo yaliyokuwa kule mwanzo lazima yapate pa kuingia. Sentensi mpya zinakuja na makosa mapya. Unarudi kwa msahihishaji na mfuko mtupu.

Kazi tunayoiita kwa jina moja la uhariri ina hatua tatu, na kila hatua ina bei yake na mtu wake. Ya kwanza ni tathmini. Mtu anausoma mswada mwanzo hadi mwisho bila kugusa hata herufi, kisha anakuandikia kurasa nne au tano: hadithi inapoanza hasa, mhusika gani amepotea katikati, sura ipi imerudia iliyopita, swali gani msomaji atabaki nalo. Ya pili ni uhariri wa lugha, sentensi kwa sentensi. Ya tatu ni kusoma prufu, na hii hufanywa baada ya kitabu kupangwa kurasa, kutafuta vilivyoponyoka tu. Ukimlipa mtu kusoma prufu kwenye mswada ambao haujatathminiwa, umenunua hatua ya tatu bila ya kwanza.

Wapo wanaoona kwamba kutafuta wa kukusomea ni kukiri kuwa hujui kuandika. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021, alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent miaka mingi, na bado miswada yake ilikuwa na mhariri, Alexandra Pringle wa Bloomsbury. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alikuwa mtu wa magazeti, mhariri kwa kazi yake, kabla Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, hajatoka kwenye kalamu yake. Hawa walikuwa wanajua kuandika.

Tofauti ya hatua hizi haieleweki kwa maneno matupu, kwa hiyo nitatunga kipande kibaya mwenyewe, nisimwanike mtu:

"Mnamo majira ya saa nne za asubuhi Mzee Haji alisukuma ngalawa yake kuelekea baharini kwa lengo la kwenda kufanya ukaguzi wa madema yake ambayo alikuwa ameyatega hapo jana, ambapo alipofika alikuta kwamba hamna samaki hata mmoja, jambo ambalo lilimsikitisha sana."

Msahihishaji wa tahajia hatapata kitu hapa. Kila neno limeandikwa sawa. Ataugeuza ukurasa, na atakuwa amefanya kazi uliyomlipa.

Mhariri wa lugha atashika kalamu. "Mnamo majira ya" inaondoka, "kwa lengo la kwenda kufanya ukaguzi" inakuwa kutazama, "ambayo alikuwa ameyatega" inakuwa aliyoyatega. Pengine atakurudishia hivi: "Saa nne asubuhi Mzee Haji alisukuma ngalawa kwenda kutazama madema aliyoyatega jana. Matupu." Huzuni ameiondoa kabisa, na pembeni ameandika kwamba anayejua dema ni nini haambiwi kuwa mwenyewe alisikitika. Lugha hii ya "kwa lengo la kufanya" tumeitoa kwenye hotuba na ripoti za ofisini, nayo inaingia kwenye riwaya bila kubisha hodi. Ukiweza kuitoa mwenyewe kabla ya kumpelekea mtu, umejipunguzia gharama.

Mtathmini haangalii hayo. Yeye amekumbuka kwamba kurasa mbili nyuma uliandika kuwa usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi mpevu ni bamvua. Na bamvua huku kwetu maji hujaa alfajiri na alasiri, yakakupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Saa hiyo sehemu kubwa ya ghuba ya Chwaka iko wazi, wanawake wako mbali kule kwenye mashamba ya mwani, na ngalawa zimelala ubavu mchangani. Mzee Haji anaisukuma kwenda wapi? Ama umbadilishie saa, ama umbadilishie mwezi, ama umtembeze kwa miguu. Kosa hilo halimo kwenye kamusi yoyote, na programu ya kompyuta haitalipigia mstari mwekundu. Lakini msomaji wa Uroa au Marumbi atakifunga kitabu palepale.

Ndiyo maana nasema, kama kitabu chako kina bahari, kabla ya mhariri mpelekee mvuvi. Msomee sura hiyo kwa sauti, uangalie wapi anacheka pasipo na kichekesho. Hakuna malipo, labda kahawa. Kitabu chenye Mwaka Kogwa msomee mtu wa Makunduchi, atakwambia upesi kwamba sherehe ile ni ya Julai, wakati wa kusi, na wewe umeiweka kwenye joto la kaskazi. Kusoma kwa sauti barazani ni uhariri wa bure ambao tumeuacha bila sababu. Sentensi inayokukata pumzi wewe mwenyewe itamkata na msomaji.

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza zaidi waandishi wa Unguja na Pemba, nalo ni kuhaririwa mpaka wakapoteza sauti. Mtu anapeleka mswada, unarudi safi, kila kitu kimenyooka, na hausikiki tena kuwa wake. Mwanamke wa kijijini aliyesema "n'shakwambia, keshakwenda" sasa anasema "nimekwisha kukuambia, tayari ameondoka", kama anasoma taarifa ya habari. Na anayefanya hivyo hudai kwamba anarudisha Kiswahili sanifu. Ajabu ni kwamba sanifu hiyo ilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio uliokichagua, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930.

Tazama majalada ya vitabu vyenyewe. Adam Shafi aliiita riwaya yake Vuta n'kuvute, na Mkuki na Nyota wakaitoa hivyo mwaka 1999. Mohammed Ghassani, mtu wa Pemba, mswada wake wa mashairi ulioshinda tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015 uliitwa N'na Kwetu. Mhariri mwenye bidii isiyo na masikio angeingiza irabu zilizokosekana kwenye majina yote mawili, na angeona amefanya kazi.

Lakini upande wa pili pia una haki yake. Si kila kinachotoka kinywani kiingie kitabuni, na si kila kosa ni lahaja. Mimi hufuata kanuni hii: wahusika waseme kama wanavyosema kwao, msimulizi ashike njia moja aifuate mpaka mwisho. Kama msimulizi anaandika skuli, asiandike shule sura ya tisa. Kama ni arubaini, iwe arubaini kote. Hata wakubwa hawakubaliani: BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na wenzao wa Dar es Salaam wanayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu. La na ya, zote ziko kwenye jalada, na hakuna aliyefungwa. Kinachomchosha msomaji ni kuyumba.

Dawa yake ni karatasi moja. Kabla ya kazi kuanza, andika maamuzi yako: skuli; arubaini; n' kwenye mazungumzo tu; majina ya Kiarabu yaandikwe hivi; saa ni za Kiswahili; maneno ya kijijini yasielezwe kwenye mabano. Mpe mhariri pamoja na mswada, naye ataongeza ya kwake kadiri anavyoyakuta. Maneno ya kwenu ambayo hayamo kwenye kamusi za kawaida huenda yamo kwenye kamusi za lahaja ambazo BAKIZA imezitoa, za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, kwa hiyo mhariri asikwambie hakuna neno kama hilo kabla hajazifungua.

Mashairi ni jambo jingine kabisa. Mshororo wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, haustahimili mkono mgeni. Mtu akibadilisha "keshakwenda" kuwa "amekwisha kwenda", amekuongezea mizani, na ubeti umevunjika. Msahihishaji mzuri wa nathari anaweza kuliharibu shairi zuri kwa nia njema tupu. Ukiwa na diwani, mtafute mtu anayetunga au aliyelelewa katika arudhi, na muulize kabla ya yote atafanya nini akikuta ubeti una mizani kumi na saba. Jibu zuri ni "nitakuonyesha". Akisema "nitaurekebisha", chukua diwani yako uondoke.

Utamjuaje mhariri? Shahada si kipimo, na kufundisha Kiswahili nako hakutoshi. Mwalimu mahiri amezoea kumwonyesha mwanafunzi alipokosea, na mhariri kazi yake ni kumsaidia mwandishi asikike. Wapo walimu wanaoweza yote mawili, lakini usichukulie hivyo tu. Fanya majaribio. Toa kurasa tatu, na zitoke katikati ya kitabu. Usitoe sura ya kwanza, kwa sababu sura ya kwanza kila mtu ameipiga msasa hadi imeng'aa. Wape watu wawili kurasa zilezile, na ukiweza walipe kwa kurasa hizo, kwani kazi ya bure hufanywa kibure. Wakirudisha, usihesabu alama nyekundu. Hesabu maswali. Mhariri anayeuliza "huyu ni yule Asha wa mwanzo?" ameisoma. Aliyerudisha kurasa bila swali lolote ameipitishia macho, na aliyeandika kila sentensi upya kwa sauti yake anatafuta kitabu chake mwenyewe.

Siku hizi lazima uulize jambo jingine waziwazi: mswada wangu utaupitisha kwenye akili mnemba? Sina ugomvi na mtu anayetumia mashine kusaka nafasi mbili zilizofuatana. Lakini wapo wanaopakia sura nzima, wanasubiri dakika chache, wanakutoza bei ya mkono. Dalili utaziona. Sentensi zote zinakuwa na urefu mmoja, kila aya inamalizika kwa funzo, na "keshakwenda" zote zimetoweka. Mbali na hayo, ni mswada wako ambao haujachapishwa, na una haki ya kujua umepakiwa wapi.

Bei nimeitolea mfano, sitaitaja ya kweli, kwa sababu inatofautiana mno. Ila ujue namna ya kuipima. Anayehariri lugha kwa makini huenda kurasa tano hadi nane kwa saa. Kurasa 240 kwa kasi ya sita ni saa arubaini, na macho ya binadamu hayawezi zaidi ya saa tano za kazi hiyo kwa siku. Siku nane, basi, kwa mapito ya kwanza peke yake, kabla ya maswali yako na majibu yake na mapito ya pili. Wiki tatu ni muda wa haki. Anayekuahidi keshokutwa hajadanganya kuhusu tarehe. Kitakachopungua ni kazi. Na ukiigawa bei aliyokutajia kwa saa zile arubaini ukakuta ni chini ya kibarua cha kubeba matofali, jiulize nani anamlipa tofauti. Mara nyingi ni kitabu chako.

Mkubaliane kwa maneno au kwa ukurasa, na kama ni ukurasa, mkubaliane ukurasa ni nini. Nimeona mtu analeta "kurasa mia" za herufi ndogo zisizo na nafasi, ambazo ukizihesabu ni mia mbili na themanini. Malipo yawe mafungu mawili: nusu kazi inapoanza, nusu inapokabidhiwa. Kwa tathmini, ambayo ni fupi, lipa yote mwisho kama mnajuana, au nusu kwa nusu kama hamjuani.

Na muandikiane. Wenyeji tunaona haya kuandikiana na mtu tunayemjua, hasa kama ni jamaa au mtu tuliyesoma naye, lakini haya hiyo ndiyo inayovunja udugu baadaye. Karatasi moja inatosha: idadi ya maneno, hatua ipi kati ya zile tatu, mapito mangapi, tarehe, malipo, na kwamba mswada hautatolewa kwa mtu mwingine. Andikeni pia kwamba haki zote zinabaki kwa mwandishi. Kwa sheria hakimiliki ni yako tangu unapoandika, na mhariri hapati fungu kwa kunyoosha sentensi, lakini likiwa limeandikwa halina mjadala. Akistahili, mtaje kwenye shukrani au kwenye ukurasa wa haki, mara nyingine hilo humpatia kazi tatu zijazo. Usimtaje bila kumuuliza. Huenda ulikataa nusu ya ushauri wake na hataki jina lake liwe karibu na sura ya tano.

Kwa wanafunzi nina neno fupi. Tasnifu inaweza kusahihishwa lugha, mpangilio wa marejeleo, na majedwali. Hoja haisahihishwi na mtu wa nje, wala sura haiandikwi. Mwulize msimamizi wako kabla, na mhariri anayekubali "nimalizie sura ya nne" mkimbie, kwa sababu sura hiyo hiyo ameshawauzia wengine.

Mswada ukirudi, usiujibu siku hiyo. Hasira ya siku ya kwanza humfanya mwandishi akatae yote, na aibu ya siku ya kwanza humfanya akubali yote. Uache siku tatu nne. Kisha anza na barua ya tathmini, alama za pembeni baadaye. Una haki ya kukataa, na mhariri mzuri analijua hilo. Ila wasomaji wawili wakijikwaa pahala pamoja, pana jiwe, hata kama kila mmoja amependekeza dawa yake na dawa zote mbili ni mbovu. Tafuta ya tatu mwenyewe. Na fanyeni kazi kwenye faili moja tu, lenye tarehe kwenye jina lake, litumwe kwa barua pepe. Mafaili ya WhatsApp hujizalisha, na nimewahi kuona mapito ya pili yakifanywa kwenye nakala ya kabla ya mapito ya kwanza.

Jua pia unaelekea wapi, kabla hujatumia pesa yote. Mchapaji wa mjini atakuchapia chochote utakachompa, makosa na yote, kwa hiyo kama unajichapishia, hatua zote tatu ni juu yako. Lakini kama unakusudia kupeleka kwa mchapishaji kama Mkuki na Nyota, au kwenye shindano kama Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, lipia tathmini, nyoosha lugha mwenyewe kadiri uwezavyo, na acha prufu kabisa. Mchapishaji akiukubali mswada ana wahariri wake, nao watauanza upya. Mchapishaji anayekutaka ulipie uhariri ndipo aukubali huyo ni mchapaji aliyejibadilisha jina, na hakuna ubaya kufanya naye kazi, ilimradi ujue hivyo unapozungumza bei.

Ikishafika prufu, kurasa zimepangwa na jalada liko tayari, chapisha nakala moja kwenye karatasi. Kwenye kioo macho huona kinachotarajiwa. Soma vitu ambavyo kila mtu anaviruka: jina lako kwenye jalada na kwenye mgongo wa kitabu, majina ya sura kulinganisha na yaliyomo, namba za kurasa, namba ya ISBN nyuma na ndani kama zinafanana, majina ya watu kwenye shukrani. Mpe na mtu ambaye hajawahi kukisoma kitabu, umwambie asisome hadithi, asome maandishi makubwa tu. Ni katika maandishi makubwa ndiko makosa makubwa hukaa, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameshayaangalia.

Kisha tia saini kwenye kila ukurasa wa mwanzo wa sura, mrudishie mchapaji, na usimpelekee masahihisho mengine kwa simu.